Jina la Mtoto wa Amos Haydock

Kama ulikuwa na televisheni huko Uingereza miaka ya sitini, basi Wilfred Haydock alishaingia sebuleni kwako mara nyingi kuliko shemeji yako, na jina lake hukulijua. Ndiye yule askari anayevua kofia mlangoni na kumwambia mama mwenye nyumba aketi kwanza. Ndiye daktari anayekunja karatasi na kusema, "Bi Parkin, habari si nzuri." Ndiye mchungaji wa mazishi, karani wa benki, shahidi anayetetemeka kizimbani. Alikuwa na uso mrefu, mashavu yaliyobonyea na macho ya mtu aliyetumwa kuleta taarifa ya msiba. Waandaaji wa vipindi walipouhitaji uso wa namna hiyo walimpigia simu, naye akaenda. Dakika tatu, nne, kisha anaondoka na kisa kinaendelea na wenyewe. Watu walimsimamisha barabarani wakamuuliza kama hawakusoma naye, au kama si yeye aliyewauzia bima.

Jina wangelijulia wapi? Lililoandikwa mwishoni, kwa herufi ndogo zinazopita mbio, lilikuwa Martin Selwood. Na Martin Selwood hajawahi kuzaliwa.

Aliyezaliwa ni Wilfred, mtoto wa Amos Haydock wa Rakesden, mji wa viwanda vya pamba huko Lancashire, ambako mvua ilinyesha masizi na watu walijuana mpaka vikohozi. Amos alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma. Mikono yake ilikuwa mikubwa, maneno yake machache, na kanisani alikwenda mara mbili kila Jumapili. Mkewe, Alice, alifariki Wilfred akiwa na miaka kumi na moja. Dada mtu, Hilda, mwenye miaka kumi na mitano, akaingia jikoni siku ya pili yake na hakutoka tena. Mali ya kurithisha Amos hakuwa nayo. Nyumba ilikuwa ya kupanga, mitambo ilikuwa ya tajiri. Alichokuwa nacho ni jina, na hilo alilitunza kama wengine wanavyotunza ng'ombe.

"Ukipita mtaani," alizoea kuwaambia wanawe, "watu waseme, huyo wa Haydock. Basi. Wasiwe na la kuongeza."

Wilfred aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na minne kama wenzake wote. Vita vilipokuja vikamchukua, na jeshini wakagundua kwamba kijana huyu alikuwa mwizi. Hakuiba vitu. Aliiba watu. Akimtazama sajini kwa dakika tano, sajini yule alikuwa amekwisha: mwendo wake, anavyokwangua sikio, anavyomeza mate kabla ya kudanganya, vyote vilikuwa mfukoni mwa Wilfred. Jioni aliwachekesha askari hadi wakashika mbavu. Vita vilipokwisha hakurudi kwenye mitambo. Akajiunga na kundi dogo la maigizo, moja ya yale ya wakati ule yaliyobadilisha mchezo kila wiki: usiku wanacheza huu, asubuhi wanafanya mazoezi ya ujao, na maneno ya ule wa tatu wanayakariri wakila.

Amos alinuna miezi minane. Kwa watu wa kanisa lake, jukwaa na baa vilikuwa mlango mmoja. Halafu siku moja, akimenya viazi, akasema bila kuinua kichwa, "Kama ni kazi, ni kazi. Ila uifanye kwa jina lako. Nijue ni wewe."

"Ndiyo, baba," Wilfred akajibu, na kutoka moyoni.

Mwaka uliofuata ilimbidi ajiandikishe katika chama cha waigizaji, maana bila kadi yake hakuna jukwaa la maana lingempokea. Akapanda treni hadi London, akapanga foleni, akafika kwa mama mmoja aliyevaa miwani yenye mnyororo.

"Wilfred Haydock tunaye," mama yule alisema baada ya kupekua kadi zake.

"Ndiyo mimi, mama."

"Wewe ni wa pili, mpenzi. Yupo mchekeshaji, kajiandikisha tangu kabla ya vita. Wawili wa jina moja haturuhusu, sheria ni sheria. Chagua lingine."

"Lakini hili ni langu. Nimebatizwa nalo."

"Na yeye kalipia ada nalo. Haya, mpenzi, kuna watu nyuma yako."

Nyuma yake palikuwa na watu tisa, na mmoja alikuwa ameanza kuguna. Wilfred akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pa kutemea mate. Kwenye kalenda ya ukutani palikuwa na sikukuu ya Mtakatifu Martin. Kwenye kioo cha mlango wa pili palikuwa na jina la wakili fulani Selwood. Kufikia saa sita mchana alikuwa kesharudi mtaani na kadi mpya mfukoni, na jambo moja la kumwandikia baba yake.

Hakumwandikia. Hapo ndipo ninapomkasirikia, maana barua alituma kila wiki mbili, na kila moja aliianza kwa nia hiyo na kuimalizia kwa habari za mvua. Hata Hilda hakumwambia. Alijiambia atalisema ana kwa ana. Alipokwenda nyumbani Krismasi, baba yake alikuwa na kikohozi, akaona aache apone kwanza. Mtu mwoga hakosi sababu, na za Wilfred zilikuwa nzuri mno.

Basi ikafika Julai ya mwaka arobaini na tisa. Kundi lake lilikuwa Morecambe, mji wa pwani, kwa msimu mzima wa kiangazi. Na Julai ndiyo wiki ya Rakesden: viwanda vyote vinafungwa kwa pamoja, mabomba yanaacha kutoa moshi, na mji mzima unahamia pwani ileile, katika nyumba za wageni zilezile, ili ukae wiki nzima na majirani walewale uliowaacha mtaani. Amos miaka yote alikwenda milimani na watu wa kanisa. Mwaka huo akasema atakwenda Morecambe. Akawatangazia kiwandani kwamba mwanawe anacheza kule. Hilda anasema hakuwahi kumsikia akizungumza na watu wengi kiasi kile kwa siku moja.

Wilfred alijua wanafika Jumapili. Alipanga akawapokee stesheni, ampeleke mzee pembeni, amweleze. Wao wakafika Jumamosi. Mzee alitaka kumshtukiza.

Ile jioni ya Jumamosi, Amos alikuwa akitembea kando ya bahari katika suti yake ya kanisani, na Hilda, na majirani kumi na mmoja wa mtaa wao, alipoliona bango. Lilikuwa mbele ya gati la starehe, lile refu lenye ukumbi wake juu ya maji. WILFRED HAYDOCK, kwa herufi nyekundu zenye kimo cha mtoto, juu ya majina mengine yote. Amos akavua kofia.

"Sikujua kama wamempandisha hivi," alimwambia Hilda.

Akawakatia tiketi watu wote kumi na watatu, safu ya mbele. Joss Thackray, mchambua nyuzi wa kiwandani, mtu wa mdomo, alimpiga begani akamwambia, "Amos, kumbe ulikuwa unatufugia tajiri." Na Amos akatabasamu. Watu wa Rakesden walilikumbuka tabasamu lile kwa sababu ndilo lililofanya mengine yote yawe ya kuchekesha.

Pazia likafunguka. Akatokea mzee mnene wa miaka hamsini na kitu, kavaa gauni la maua, vibanio vya nywele kichwani, soseji ndefu mkononi, akaanza kuimba juu ya mpangaji wake wa kiume. Amos alitazama pembeni ya jukwaa, akangoja. Alifikiri huyo ni wa kufungua tu na mwanawe anakuja. Yule mtu alipomaliza wimbo akajitaja kwa jina, akateremsha macho safu ya mbele na kumwona mzee aliyekaa wima kama nguzo.

"Jamani, baba huyu vipi?" mchekeshaji akasema. "Umenuna hivyo, umemwona mkeo wa kwanza? Ni mimi, mpenzi. Nimenenepa tu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Majirani walijizuia kidogo, halafu Joss akafyatuka, na aliyemfuata akafyatuka, hadi safu nzima ya Rakesden ikawa inalia kwa kucheka, na si kwa sababu ya gauni tena. Amos hakuondoka. Kuondoka kungekuwa kujionyesha. Alikaa hadi wimbo wa mwisho, kofia juu ya magoti, na Hilda kamshika mkono wa koti.

Saa hiyohiyo, umbali wa dakika kumi kwa miguu, Wilfred alikuwa akibeba sinia katika mchezo wa mauaji, hana hili wala lile.

Hilda alimkuta asubuhi kwenye nyumba aliyopanga. Alimweleza akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake, hakutaka kuingia. "Kwa nini hukuniambia hata mimi, Wilf? Mimi ningejua la kusema." Wilfred alikwenda mbio. Alimkuta baba yake kwenye benchi linaloelekea baharini, suti ileile.

"Baba, nilitaka kukwambia."

"Ulitaka."

"Ni sheria ya chama. Yule mtu alijiandikisha kabla yangu. Singeweza kufanya kazi bila—"

"Sasa unaitwaje?"

Wilfred alitazama viatu vyake. "Martin Selwood."

Amos aliyarudia maneno hayo mawili polepole. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, akanyoosha mkono kama wanavyofanya watu wasiofahamiana.

"Haya, Bwana Selwood. Tumefurahi kukufahamu."

Na hivyo ndivyo alivyomwita tangu siku hiyo. Bwana Selwood. Wilfred alikwenda Rakesden mara mbili kila mwaka, Krismasi na Pasaka, na kila mara Amos alimfungulia mlango mwenyewe, akamkaribisha chumba cha mbele, akamtilia chai katika kikombe cha wageni chenye ukingo wa dhahabu. Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Walizungumza habari za treni.

Mtaani, kila Julai, Joss au mwingine aliuliza, "Amos, mwaka huu mwanao kavaa gauni gani?" Amos akaanza kusema mwanawe amehamia Kanada. Televisheni ilipoingia na majirani wakamwona askari mlangoni anavua kofia, wakaja mbio kumwambia, "Yule si Wilf wenu?" Amos akajibu, "Yule ni Selwood. Someni wenyewe." Na wao wakasoma, na ikawa hivyo.

Wilfred angeweza kuacha. Wengine waliacha. Lakini alikuwa na ubishi wa chinichini, na fikra moja iliyomkaa kichwani kama mfupa wa samaki kooni: kwamba siku jina litakaporudi, kwa herufi kubwa, mbele ya watu walewale, mambo yatakwisha. Kwa sababu hiyo alikubali kila daktari na kila karani. Hakuoa. Aliishi kusini mwa London katika vyumba viwili juu ya duka la dobi, akila samaki na chipsi kwenye gazeti, akisubiri kitu ambacho wakala wake hakujua kama anakisubiri.

Mwaka wa hamsini na tisa alimtafuta yule mchekeshaji wa gati. Alimkuta katika chumba kimoja nyuma ya stesheni, bahari huioni, amekonda, meno kwenye glasi. Televisheni ilikuwa imezimaliza kumbi za pwani. Wilfred alimweleza yote, na yule mzee akasikiliza vizuri kuliko alivyotegemea.

"Safu ya mbele, ee?" mzee akasema. "Simkumbuki. Walionuna walikuwa wengi. Niombee radhi kwake."

"Ninaomba uniachie jina, bwana. Unaandika barua moja tu kwa chama. Wewe hufanyi kazi tena."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Jina lenyewe si langu, mwanangu. Mimi naitwa Cyril Pobjoy. Haydock ni uwanja wa mbio za farasi, nilishinda dau pale. Wilfred ndiye farasi."

Wilfred akasogea karibu. "Basi niachie. Kwako si kitu."

"Si kitu?" Mzee alichukua meno yake, akayavaa, labda ili asikike vizuri. "Nywele sina. Mke kaenda na mpiga tarumbeta. Lakini nikienda kununua sigara, bado wapo wanaosema, tazama, Wilfred Haydock. Ukinivua hilo nabaki Cyril, na Cyril hajawahi kupendwa na mtu, hata mama yake. Ngoja nife, kaka. Sitakuchelewesha sana."

Alimchelewesha miaka kumi na miwili.

Wilfred alisoma habari ya kifo chake kwenye gazeti, akiwa amevaa joho la kichungaji akingoja kuitwa. Moyo ukamruka kwa furaha, na mara akaona haya. Alikwenda mazishini. Walikuwa watu watano. Siku ya pili alikuwa kwenye ofisi ya chama kabla hawajafungua.

Wakala wake, Monica Frayne, mwanamke aliyevuta sigara mbili kwa wakati mmoja na asijue, alimtazama kama amerukwa na akili. "Umemjenga Selwood miaka ishirini na mitatu. Unambomoa? Wataniuliza, huyo Haydock ni nani?"

"Ni mimi."

"Hilo halisaidii kitu, mpenzi."

Lakini kazi yenyewe ilikuwa imekwishapatikana, na hii haikuwa ya dakika tatu. Mwandishi mmoja kijana alikuwa ameandika tamthilia ya televisheni ya saa moja na nusu, kuhusu kiwanda cha pamba kinachofungwa na fundi mzee, mjane, anayeishi peke yake. Walitaka uso mrefu unaojua Lancashire. Katika umri wa miaka hamsini, Wilfred akapewa mtu mzima wa kuigiza, tangu mwanzo hadi mwisho. Jina lake litatokea la kwanza, peke yake kwenye kioo. Ni kama mtu alikuwa amemsikiliza miaka yote ile.

Walifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa, sakafu imechorwa kwa utepe kuonyesha kuta za nyumba ambayo haipo. Wilfred hakuhangaika kumtafuta mzee yule. Alimpa mwendo wa Amos, wa mtu anayekanyaga sakafu inayotetemeka. Alimpa kikohozi cha Amos, na namna Amos anavyovua kofia na kuipangusa kabla ya kuitundika. Siku ya tatu wakafika mahali ambapo karatasi ilisema tu: *Yuko peke yake. Anamkumbuka mkewe.*

"Anamkumbukaje?" akauliza mwongozaji, kijana aliyeitwa Gareth Pugh. "Sitaki picha ukutani. Sitaki machozi. Nipe kitu."

Wilfred alikuwa nacho. Alikuwa nacho tangu akiwa na miaka kumi na moja. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi ya mama yake, alfajiri, aliamshwa na sauti ya viatu jikoni. Rakesden wakati ule wanawake wote wa viwandani walivaa viatu vya soli ya mbao yenye vyuma chini, na kila mtoto aliijua hatua ya mama yake juu ya mawe ya sakafu. Ile ilikuwa hatua ya mama yake. Kutoka mlangoni hadi jikoni, kusimama kidogo, kurudi. Alishuka ngazi kwa vidole. Baba yake alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono yake mikubwa imeingia ndani ya viatu vya Alice, anavitembeza juu ya mawe, hatua kwa hatua, macho kayafumba. Wilfred alirudi kitandani. Hakumwambia mtu, hata Hilda.

Sasa alipiga magoti katikati ya utepe, akaomba viatu, akavitembeza.

Mama aliyeshika karatasi za maneno alitoa leso. Gareth Pugh alisema kwa sauti ya chini, "Umeipata wapi hiyo?" na Wilfred akajibu, "Imekuja tu." Je, alijiuliza kama ilikuwa yake kuitoa? Namfahamu vya kutosha kusema hapana. Watu wa kazi ile wakishika kitu kizuri hawaulizi cha nani. Alikuwa na furaha. Alifikiri amempa baba yake zawadi mbili kwa mpigo.

Tamthilia ilipangwa kuonyeshwa Alhamisi moja ya mwezi wa pili, saa mbili na nusu usiku. Amos alikuwa na miaka themanini na minne, vumbi la pamba limemjaa mapafuni, kitanda chake kimeshushwa chumba cha mbele. Wilfred akamwandikia Hilda: nakuja. Usiruhusu asinzie. Mwalike Bi Lumb wa jirani, mwalike Joss Thackray. Nataka wote waliokuwa Morecambe na bado wapo. Watazame hadi majina.

Walikuja. Majirani wa safu ile walikuwa wamebaki wawili tu. Joss alikuwa hana meno lakini mdomo ulikuwa uleule. "Haya, Bwana Selwood," akasema akiketi, "leo gauni la rangi gani?"

"Tazama tu, mzee Joss," Wilfred akajibu, na kwa mara ya kwanza neno lile halikumchoma.

Tamthilia ikaanza. Mzee wa kwenye kioo alitembea uani, akakohoa, akavua kofia na kuipangusa. Bi Lumb akasema, "Ee, ni Amos mtupu huyo," akacheka kwa furaha. Amos, akiwa ameegemea mito yake, aliinua kidevu kidogo. Wilfred aliketi kando ya kitanda mahali anapoweza kuuona uso wake. Alikuwa akiuangalia uso ule kama alivyowaangalia watu maisha yake yote.

Kisha yule mzee akabaki peke yake jikoni. Akapiga magoti.

Sauti ya vyuma juu ya mawe ikajaa chumba. Tak, tak, tak, kusimama, kurudi. Bi Lumb aliacha kutabasamu, akageuka kidogo kumtazama Amos, akajirudi haraka. Joss alikuwa akitazama sakafu ya chini ya miguu yake, mawe yaleyale. Hilda alimwangalia mdogo wake, na Wilfred hakuelewa ile namna ya kuangaliwa. Mkono wa Amos juu ya blanketi ulikuwa umejikunja ngumi.

Yakaja majina. La kwanza, peke yake, jeupe juu ya weusi: WILFRED HAYDOCK.

"Haydock," Bi Lumb akasoma. "Wameandika Haydock." Wilfred aliinuka. Alikuwa amengoja neno litakalofuata kwa miaka ishirini na mitatu.

Bi Lumb alichukua shali yake, akasema amechelewa kulisha paka. Hilda alikuwa amepanga vikombe, na chai hakuinywa mtu. Joss Thackray alisimama kwa shida mbele ya kitanda, kofia mkononi, na ule mdomo wake uliochekesha mtaa mzima ukatafuta maneno.

"Pole, Amos," akasema. "Alice alikuwa mtu mwema. Hatukujua."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu sana.

Amos alingoja hadi hatua za Joss zikaisha barabarani.

"Ulikuwa umekaa wapi?" akauliza.

"Baba?"

"Asubuhi ile. Ulikuwa wapi?"

Wilfred akajibu, "Kwenye ngazi."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeonyeshwa mahali uzi ulipokatikia. Pumzi zake zilikuwa fupi, ikabidi angoje kati ya neno na neno.

"Wameandika jina," akasema.

"Ndiyo, baba. Nimelirudisha. Ni letu sasa, hakuna mwingine mwenye nalo. Nilitaka waone. Joss na wote waone ni la kwako."

"Wameona."

Hilda alikuwa mlangoni na sinia la vikombe vilivyojaa, hajui aingie au arudi. Amos aligeuza uso wake na kumtazama mwanawe kwa muda mrefu, bila hasira. Tangu Morecambe hakuwa amelitamka jina lake, na sasa alilitamka polepole, kwa upole kabisa.

"Ungebaki na lile jina lingine, Wilfred. Ningewaambia ni mtu mwingine."